Kidumu Kimoja kwa Kila Tusi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Makala yangu ya kuhifadhi maharage kwa majivu imesomwa kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale. Niliishia darasa la tatu, lakini la tatu la wakati wa mapadri. Leo lingeitwa chuo kikuu. Blogu naiandika kwa kidole kimoja, na hicho kimoja kinawatosha.

Shida ni wasomaji. Libère, mkulima mwenzangu Mrundi, kaandika chini kwamba Wakongo wanajua kula maharage tu. Bienvenu, Mkongo wa Uvira, kamwita mbuzi. Hadi jioni hakuna aliyetaja majivu. Ndipo Gervais, mwalimu mstaafu, mtu wa kukohoa kabla ya kusema, akaandika: "Tuheshimiane." Neno moja. Wakamsifu kama kaponya kipofu.

Muhirwa, mkubwa wa wazee wasuluhishi wa mtaa, kanipitia. Kiti kimoja kiko wazi. Jumapili baada ya misa watachagua, mimi au Gervais. Eti wazee wanauliza: asiyeweza kutuliza ukurasa wake, atatuliza ndoa za watu? Kiti hicho nakitaka tangu tulipofika hapa. Gervais akipate nikiwa kaburini, na hata huko nitapinga.

Jumanne, 4 Machi

Nimefuta matusi yote. Mmoja aliandika kwamba mbwa mzee habweki bure. Mbwa mzee ni nani kama si mimi? Nikafuta. Kumbe ni Muhirwa, ananisifu. Ameuliza maneno yake yameenda wapi. Nimesema ni mtandao.

Jumatano, 5 Machi

Nimepakwa majivu alfajiri, Kwaresima imeanza, nikaenda mjini Mbarara. Mjukuu wangu Prudence, aliyesoma chuo, ana kibanda cha kuchapa karatasi mtaa wa Kamukuzi. Ndiye aliyenifungulia blogu. Amesema, Babu, dawa ni rahisi, maoni yasitokee mpaka uyasome kwanza. Nikamwambia mimi si karani wa posta. Muuza simu wa jirani, Mnyankore, akaingilia bila kuitwa: mzee, wewe sikia mutoto, yeye nasoma. Nimerudi na hasira.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata. Akili za kwetu. Burundi, aliyemkosea mwenzake analeta pombe ya ndizi, wanakunywa pamoja mbele ya wazee, kesi imekwisha. Nimetangaza sheria: atakayetukana kwenye blogu alete kidumu kimoja uani kwangu, anywe na aliyemtukana. Hakimu, yaani mimi, anaonja kwanza. Chuoni kwa Prudence hawafundishi haya.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi mapema Bienvenu kamwita Libère mbuzi tena. Libère akamshukuru. Muda si muda wako uani na kidumu. Nikauliza, na Kwaresima? Libère akasema Kwaresima inakataza kunywa kwa anasa, haikatazi kulipa faini. Walipomaliza, akaona haki naye atukane, mwenzake asikae na kiu.

Matusi yamezidi. Watu wanaomba watukanwe. Mmoja kalalamika kwamba katukanwa kidogo. Lakini amani ipo, wanaimba. Libérate, mke wangu, ananiuliza: Baba Anne, hii baa yetu inafungwa saa ngapi? Mwanamke haelewi sheria.

Jumamosi, 8 Machi

Sidonie, mke wa Bienvenu, anauza samaki soko la Base Camp, humu humu kambini. Kaja na beseni kichwani, hakulitua. Muzee, anasema, bwana yangu aliacha pombe mbele ya Mungu, sasa anaamuka anatafuta mutu wa kutukana. Pa fasi ya watu kutubu, weye umefungua nganda ya pombe. Nikamwambia hii ni mahakama. Akauliza mbona hakimu hawezi kusimama.

Na Gervais hajatukana mtu hata mara moja. Mtu wa namna hiyo ana la kuficha. Badala yake kaandika kwa upole kwamba labda niwe nasoma maoni kabla hayajatokea. Nani kampigia simu, Prudence? Nikamjibu pale pale, mbele ya wote, kwamba yeye ni chaki iliyolowa, haiandiki wala haifutiki.

Watu wakaanza kuuliza kidumu changu kinafika lini. Muhirwa mwenyewe kaja: sheria ni yako, mzee, mpelekee Mwalimu. Nikamjibu kwamba mwenye nyumba habishi hodi kwake.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa wazee wameniuliza mara ya mwisho kama nitakunywa na Gervais. Nikasema sheria ni ya wasomaji, mimi ni mwandishi. Muhirwa akasema anayekataa kuleta pombe kakataa amani, hilo hata mtoto wa Kirundi analijua. Gervais akakohoa, akasema hana haraka, atanisubiri. Wakampa kiti. Hata hakucheka. Kiburi gani hicho.

Libérate kanipikia uji, kama mgonjwa. Hilo limeniuma kuliko kiti.

Jumatatu, 10 Machi

Prudence kapiga simu kwa furaha. Babu, hongera, ukurasa umetulia, Mwalimu kawaomba nao wamesikia. Nikafungua. Kweli. Libère anamuuliza Bienvenu majivu kiasi gani kwa gunia, Bienvenu anamjibu, ndugu yangu. Samahani huku, asante kule. Nilijiona kama nimeingia nyumba ya watu.

Nimekaa na kidole changu mpaka mchana. Makala mpya imetoka: "Mtaa Huu Umechagua Mpumbavu, na Waliomchagua Ninawajua kwa Majina." Nimeyataja.

Chini nimeandika: tafadhali, tujadiliane kwa adabu.