Malalamiko Kuhusu Mahudhurio ya Mbegu za Dume Jemadari

Kamati ya Mifugo ya Kijiji,
Njia ya Mhunze, Kishapu.
14 Agosti 1979

Kwa Msimamizi,
Kituo cha Mbegu za Madume.

Ndugu Msimamizi,

YAH: MBEGU ZA DUME JEMADARI KUKATAA KAZI

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na madume wako vilevile, ingawa kuhusu mmoja wao, Jemadari, nina mashaka makubwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati iliyotajwa hapo juu. Mwezi Machi kituo chako kilituletea mtungi wenye ubaridi mkali kuliko barafu, na ndani yake mirija ishirini ya mbegu za Jemadari zilizogandishwa, ili ng'ombe wetu wapandishwe kwa mrija na kuzaa ndama wa maziwa mengi. Kwa kuiamini kazi hiyo, nilisimama mkutanoni nikawashauri wanakijiji wahasi madume wote. Wakahasi. Hata Mama Eufrasia, mjane mwenye ng'ombe jike mmoja na dume mmoja, alikubali, kwa kuwa ni mimi niliyemfundisha kusoma katika darasa la watu wazima. Leo ni mwezi wa sita tangu mtungi ufike. Ng'ombe kumi na tisa wamepandishwa, na wote kumi na tisa wamerudi kutafuta dume. Dume hakuna, wapo maksai tu, wanaowatazama na kuendelea kula. Tusipopata mimba sasa, mwakani kijiji kizima hakitakuwa na ndama wala maziwa, na aliyeshauri ni mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mbegu hazina bidii. Mzee Maige, jirani yangu, hunisubiri njiani kila siku aniulize: "Shikamoo Mwalimu, ndama wako wamekwisha kuitika majina?" Ananizidi umri kwa miaka minne, lakini ananiamkia kwa makusudi.

2. Hali hii haikutokana na uzembe wa kamati. Mtungi unakaa chumbani kwangu, kwa kuwa ndicho chumba chenye sakafu ya saruji na kufuli. Bwana Mifugo wetu, kijana Theonest, aliniagiza usifunguliwe bila sababu. Sababu ninayo: mahudhurio. Kila asubuhi saa moja kamili, na tena saa kumi jioni, nimefungua mtungi, nimetoa mrija mmoja mmoja, nimeufuta ukungu kwa leso safi, nimesoma namba yake kwa sauti, nimeuinua dirishani nione kama mbegu zimechangamka, kisha nimeurudisha na kutia alama daftarini. Jumapili nafanya mara moja tu, baada ya misa. Sidhani kama kuna mbegu nyingine katika Tanzania zilizoangaliwa kwa uaminifu kama huo.

3. Ubaridi umezidi. Mtoto wa shule akinyeshewa hawezi hata kushika kalamu. Mbegu iliyolala katika ubaridi wa namna ile itawezaje kufanya kazi Kishapu, mahali ambapo mjusi hutafuta kivuli saa tatu asubuhi? Kwa huruma, kuanzia Aprili niliongeza utaratibu wa kuushika kila mrija kiganjani kwa muda wa Baba Yetu moja, ili mbegu zizoee hali ya hewa ya huku. Hata shukrani hiyo hazikuonyesha.

4. Utoro. Mirija kumi na tisa ilihudhuria kila siku bila kukosa, mpaka ilipotumiwa. Mrija namba saba haukuonekana hata mara moja. Nimeandika "mtoro" mbele ya namba hiyo mara mia moja na arobaini na tatu. Mwishoni mwa Mei, mirija mingine ilipokwisha, Theonest aliingiza koleo lake refu na kuukuta umelala chini kabisa ya mtungi, ulikokuwa umeanguka siku ya kwanza. Badala ya kuuadhibu, aliutumia papo hapo kwa ng'ombe wa Mama Eufrasia! Nilipinga. Ikiwa waliohudhuria wameshindwa, mtoro atafanya nini?

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, Jemadari aletwe hapa yeye mwenyewe, asimame mbele ya wanakijiji, wamwone. Pili, mitungi ijayo ije imefungwa blanketi kwa ndani. Tatu, niteuliwe kuwa Mkaguzi wa Mbegu Zilizogandishwa kuanzia Shinyanga mpaka Geita, ili kila mtungi ufunguliwe mara tatu kwa siku, badala ya mara mbili. Vyeti vyangu ninavyo, pamoja na madaftari ya mahudhurio ya miaka thelathini na mmoja, ambayo hayana neno hata moja lililofutwa.

Wasalimie watumishi wote wa kituo, wanaokata majani na wanaosafisha mabanda, na madume wote kwa majina yao, isipokuwa Jemadari, mpaka atakapojirekebisha.

Ni mimi, nilindaye nidhamu zizini kama nilivyoilinda darasani,

Mwl. Ansgar Marselino
Mwenyekiti

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Theonest amepita. Ametoka kumpima ng'ombe wa Mama Eufrasia kwa mkono, mpaka kwenye kwapa, na anasema ana mimba ya miezi miwili na nusu. Nilimwonyesha daftari langu ili ajionee kwamba huo ndio mrija usio na mahudhurio. Akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akavua kofia, akaomba maji ya kunywa. Kisha akasema, kwa adabu niliyompenda nayo, "Mwalimu, namba saba ndiyo pekee ambayo hukuitoa nje."

Nimekaa nayo hiyo kauli tangu saa nane. Naomba ombi la tatu lisishughulikiwe. La kwanza na la pili pia. Naomba mtungi mwingine, na ufunguo wa chumba utakamokaa awe nao Theonest. Kesho nitaitisha mkutano niwaeleze wenzangu. Mzee Maige ameahidi kufika mapema akae mbele.

Mbele ya namba saba nimefuta neno "mtoro", mara zote mia moja na arobaini na tatu. Karatasi imetoboka.