Tafsiri Rasmi ya Siku ya Dhiki

Serikali ya jimbo la Pennsylvania ilitangaza kwa fahari kwamba Mkono wa Jirani, bima ya afya isiyotafuta faida, mwaka huo tena haikupata faida. Ilichopata ni akiba, na akiba ilikuwa imefika dola bilioni nne. Kamishna wa Bima, Mheshimiwa Lowell Prentiss, akaitisha kikao cha wananchi ili iamuliwe kama akiba hiyo ni kubwa mno, au ni kubwa tu.

Kikao kilifanyika Ijumaa mchana, ukumbi wa zimamoto, katika mji ambao viwanda vyake vya chuma vilishakufa. Kamishna alibugia kwanza pierogi kumi na nane, vile vinyunya vya Kipolandi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, alizoletewa kutoka jikoni. Heshima ya mgeni, alidhani. Kisha akakumbusha kanuni aliyoitunga mwenyewe: kila neno lake kikaoni, karani akiliandika, ni amri, na halifutiki. Inaokoa karatasi.

Akasimama mzee Stash Dudek, mfua chuma mstaafu, mikono imejaa unga.

"Mheshimiwa, mke wangu Irene anatakiwa abadilishiwe kilango cha moyo. Bima imekataa mara tatu. Miaka thelathini na moja tunawalipa! Hiyo akiba ya nani?"

"Ya siku ya dhiki, mzee wangu," akajibu Bi Corinne Haddix, mkuu wa Mkono wa Jirani, kwa sauti ya mtu anayeuza majeneza. "Akiba haiozi."

"Haiozi, mwanangu," Irene akadakia kutoka kiti cha nyuma, "ninayeoza ni mimi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kamishna akagonga meza.

"Tuliunda kikosi kazi cha kuchunguza dhana ya dhiki. Kimekaa vikao arobaini, hakijaiona."

"Kilikaa wapi?" akahoji Stash.

"Hotelini. Florida."

"Sasa ikija tutaijuaje?" akauliza Stash.

Kamishna akavuta pumzi. Ufasaha ulikuwa umempanda.

"Hii ni Amerika, mzee! Siku watu wazima watakapokanda unga na kuuza chakula ili wamlipe daktari, hiyo ndiyo dhiki, na akiba ifunguliwe kwa wagonjwa siku hiyo hiyo. Karani, andika!"

Karani akaandika.

Stash akasukuma mlango wa jikoni. Akina mama kumi na wawili wenye aproni, masufuria yanafoka, na foleni ya wanunuzi imetoka nje hadi kwenye magari ya zimamoto. Juu yao bango: PIEROGI KWA MOYO WA IRENE. Ijumaa iliyopita waliuzia figo ya jirani yao Walt.

"Futa hilo!" akapiga kelele Bi Haddix.

"Halifutiki," akasema karani. "Kanuni."

"Kanuni ya mjinga gani?"

Karani akamtazama Kamishna kwa adabu.

Shangwe zikatikisa paa. Mheshimiwa akakumbatia mkoba wake, akanyata kuelekea mlangoni. Irene akamshika koti.

"Mwanangu, umekula kumi na nane. Foleni ya kulipia inaanzia kule nje."

Kamishna akaenda kupanga foleni. Karani akaliandika na hilo.