Lazeri kwenye Shingo ya Papa Moustapha

Jumatatu, 5 Juni 2000

Sikulala. Nimezunguka chumba usiku kucha mpaka mama akagonga ukuta, akauliza kama ninapima kiwanja. Sababu ninayo. Jana Ramazani amepeleka posa kwa Papa Moustapha. Ramazani! Kinyozi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, anayenyoa askari wa barrière, kile kizuizi cha barabarani, na hajui hata kupunguza nywele za kisogoni. Posa yangu mimi ilienda mwezi uliopita na mpaka leo hakuna jibu. Sasa mzee amesema atatujibu wote wawili siku moja, Jumapili ya tarehe kumi na nane. Anataka kututazama kwanza.

Salama, binti yake tunayemgombania, anaendelea kuuza mikate tu. Nimeenda kununua mikate yake ya mafuta, akaifunga kwenye karatasi, akauliza kama nimelala vizuri. Nikasema vizuri sana.

Karatasi! Ni nusu ya ukurasa wa gazeti la wanawake la Kifaransa. Mafuta yameilowesha lakini inasomeka. Kichwa cha habari: mambo ya kutarajia unapoondolewa nywele kwa lazeri. Nimeisoma nikitembea, nikagonga baiskeli ya mtu, nikaendelea kusoma. Mwanga unaunguza shina la unywele ndani ya ngozi, hauoti tena. Unanyolewa kwanza, hung'olewi. Unakaa mbali na jua. Inauma kidogo, kama mpira mwembamba wa kufungia ukikuchapa. Nywele zinadondoka baada ya wiki mbili hivi. Unarudi mara sita. Hapo karatasi imechanika. Si kitu. Nimeshaelewa yote.

Maana shingo ya Papa Moustapha inajulikana Kalemie nzima. Ni karani wa reli. Chef, mkubwa wake wa kwanza kazini, alimfundisha kwamba mtu wa reli hafiki ofisini na ndevu. Treni haijatoka tangu vita vianze, njia ya Kabalo haipitiki, lakini mzee ananyoa kila asubuhi, kwa sababu treni inaweza kutoka leo. Na ndevu zake ni za kujikunja. Akizikata zinarudi ndani ya nyama. Shingo yote ni vipele, na kichwa hakigeuki. Ukimwita, anageuka mwili mzima.

Nikimponya kabla ya tarehe kumi na nane, Salama ni wangu.

Jumatano, 7 Juni

Nimepata lazeri! Basile, mchuuzi wa boti, amerudi kutoka Kigoma nayo. Ndogo, ya kuning'iniza funguo, ukibonyeza inatoa nukta nyekundu. Basile anasema ni ya walimu, ya kuonyesha ubaoni. Basile hajui kitu. Kwenye boksi imeandikwa LASER.

Nimejaribu kwenye mkono wangu. Nywele hazikudondoka. Ni kweli kabisa, bado wiki mbili. Wala sikusikia uchungu, maana yake ni mashine ya hali ya juu. Paka wa jirani alifukuza nukta mpaka akapanda juu ya kabati, akaangusha sahani za mama.

Nimeandika ubao mpya: SALON MAHMOUDI, LAZERI YA ULAYA, NDEVU KWAHERI KABISA. Mama ameusoma, akauliza: ndevu zisipoota tena, nani atarudi kunyolewa? Nimeutundika mlangoni. Mama hana akili ya biashara.

Alhamisi, 8 Juni

Nimeenda kwa Papa Moustapha. Nilikaa kitini, nikasimama, nikakaa tena. Nikamweleza yote ya kutarajia: kunyolewa, giza, mpira, wiki mbili, mara sita. Aliuliza kama madaktari wanajua kitu hicho. Nikasema Ulaya nzima. Aliuliza pia itakuwaje treni ikitoka kabla ya mara ya sita. Nikamwahidi kumalizia ndani ya treni.

Amekubali. Jumamosi asubuhi!

Salama aliuliza nimesomea wapi mambo haya. Nikasema mbali. Akaangalia fungu lake la karatasi za kufungia mikate.

Jumamosi, 10 Juni

Nimeandika haya kwa kipande cha kalamu nilichoficha kwenye soksi. Niko cachot, mahabusu ya askari. Papa Moustapha pia yuko, amenipa mgongo.

Ilianza vizuri. Nilifunga madirisha kwa ajili ya jua, nikaacha mlango tu kwa hewa. Mzee kitini, kitambaa machoni, shingo imenyolewa safi. Nikabonyeza. Nukta nyekundu ikatembea juu ya vipele. Nikamuuliza kama anasikia mpira. Akasema labda. Basi mkono wangu, ambao siku hizi hautulii, ukapanda kidogo, nukta ikagonga kioo.

Kioo changu kinatazama mlango. Mlango unatazama barrière. Na kwenye barrière, kwenye kiti cha Ramazani, alikuwa amekaa komanda wa askari mwenyewe, ana povu mashavuni na shuka nyeupe kifuani, na nukta yangu katikati ya shuka.

Kila mtu hapa Kalemie ameona filamu za bunduki kwenye salle, ukumbi wa video. Kila mtu anajua nukta nyekundu kifuani ni ya nini. Ramazani alipoiona aliogopa, akaanguka, na katika kuanguka akamvuta komanda chini pamoja na kiti. Sasa mji mzima unasema amemwokoa. Mimi nilimwona kwa macho yangu: alianguka tu!

Wauza samaki walilala chini. Askari walikoki bunduki. Mimi nililala juu ya Papa Moustapha, naye akauliza kutoka chini ya kitambaa kama hii ndiyo mara ya kwanza au ya pili.

Jumatano, 14 Juni

Tumetoka. Ramazani ndiye aliyetuombea kwa komanda. Ramazani! Salama alituletea bukari ya unga wa muhogo na samaki wadogo wa ndakala kila siku, akimpa baba yake sahani iliyojaa na mimi iliyobaki. Komanda alijaribu lazeri kwenye kiganja chake, akacheka, akaamua si silaha. Lakini hakuirudisha. Ana paka.

Sasa jambo kubwa. Ndani ya cachot hakuna wembe. Ndevu za mzee zimeota, nyeupe, fupi. Leo asubuhi mlinzi aliita jina lake na Papa Moustapha akageuza kichwa. Kichwa peke yake! Akakigeuza tena upande wa pili. Akapapasa shingo: vipele vimekauka. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Hii njo lazeri?" aliuliza.

Mtu mwingine angesema nini?

"Njo yenyewe, papa."

Alhamisi, 15 Juni

Utukufu! Papa Moustapha anatembea sokoni akisalimia watu kulia na kushoto, kwa makusudi. Wawili wameshaniuliza kuhusu lazeri. Ramazani ananyoa kimya.

Salama ameniongezea mkate mmoja. Akasema kwa sauti ya chini: "Umwache vile. Usimuguse tena." Nikasema sawa. Macho yake yalikuwa mazuri kiasi kwamba nilisahau kuondoka, mpaka wateja wakanisukuma.

Lakini siwezi kutulia. Nimefagia salon, nimeifagia tena. Karatasi inasema mara sita. Tumefanya moja, tena nusu. Je, vipele vikirudi Jumapili asubuhi? Na Ramazani ana sifa ya kututoa cachot. Mimi nina shingo tu. Lazima niiimarishe.

Ijumaa, 16 Juni

Nimeenda kuomba lazeri kwa komanda. Amekataa. Paka bado anacheza.

Hata hivyo nimewaza kama mtaalamu. Kwa mujibu wa karatasi, hatua ya kwanza ya kila mara ni kunyoa. Nikinyoa, nimeshaanza mara ya pili. Mwanga utafuata. Nikamwendea mzee baada ya sala, nikamwambia zile ndevu zinazuia dawa kupenya.

Alisita. Aliuliza kama ni lazima. Nikasema bila hivyo kazi yote imepotea. Basi nikatoa wembe mpya. Nikanyoa kwa kufuata ndevu, kisha kinyume chake, nimevuta ngozi vizuri, mpaka shingo ikateleza. Alipojiona kwenye kioo alipapasa shingo. Halafu akaomba kofia yake ya reli, akaivaa, akasimama wima. Akasema treni ikitoka leo, haitamwacha.

Machozi yalinilengalenga. Nimempenda mzee huyu kweli, si kwa ajili ya binti yake tu.

Jumapili, 18 Juni

Shingo imevimba. Imevimba kuliko siku zote za maisha yake.

Tulikaa sebuleni, mimi kushoto, Ramazani kulia na mfuko wake wa sukari ya zawadi. Papa Moustapha aliingia na taulo shingoni. Ili anitazame mimi aligeuza mwili mzima. Ili amtazame Ramazani akageuza mwili mzima tena. Kila alipogeuka nilitaka sakafu inifunike.

Mzee ni mtu wa haki, naandika hivyo hata leo. Hakunigombeza. Alisema yeye shingo yake imeshamchanganya, hajui tena nani alimponya na nani alimwumiza, basi aseme Salama.

Salama alinitazama mimi, si Ramazani. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa na hasira.

"Mahmoudi, mimi nilitaka kukubali wewe. Nilishamwambia mama. Lakini wewe, hata kitu ikisha kupona, unaenda kukikwangua tena. Nitaishi namna gani na muntu kama huyo?"

Kisha akasema atamkubali Ramazani, kwa sababu Ramazani anajua kuacha.

Imeniuma. Sitafuti neno jingine. Nilitoka, nikatembea mpaka ufukweni, nikarudi, nikaenda tena. Alitaka kunikubali mimi. Ningekaa nyumbani siku mbili tu, nimefunga mikono, ningekuwa nimeoa.

Jumatatu, 19 Juni

Papa Moustapha ametupa wembe chooni. Anasema amefikiri sana, na treni itamtambua hata akiwa na ndevu. Nilimkuta mlangoni, akanisalimu vizuri, mwili mzima.

Nimenunua mikate. Sikuwa na njaa. Salama ameifunga kwenye karatasi, na nilipofika nyumbani nikaitambua: ile nusu ya pili ya ukurasa! Ilikuwemo kwenye fungu lake siku zote. Kumbe mashine ya lazeri ina ukubwa wa friji, na anayeiendesha ni daktari. Kumbe wenye ngozi nyeusi wanaweza kuungua mashine isipochaguliwa vizuri. Na mwenye vipele vya shingo, mara nyingi anaambiwa aache tu kunyoa, basi. Nimecheka peke yangu, vibaya. Mama amekuja mlangoni kuangalia.

Nimejiambia: Mahmoudi, sasa tulia. Nyoa watu. Lala usiku.

Nikageuza karatasi nifunge mkate uliobaki.

Upande wa nyuma kuna habari nyingine. Kung'arisha meno kwa mwanga! Mwanga wa buluu, meno yanakuwa meupe, mtu anatabasamu. Na nani Kalemie nzima ana meno ya njano kuliko Papa Sumaili, fundi wa redio, anayevuta sigara tangu wakati wa Zaïre? Na Papa Sumaili ana binti, Zainabu, hajaposwa. Nimesimama. Nimetafuta viatu. Komanda atachoka na lazeri yake siku moja, na nyekundu si tatizo: karatasi ya pipi ya buluu mbele ya taa, imekwisha.

Habari inakatika katikati ya sentensi, kwenye neno "lakini". Mwendelezo wake uko nyuma ya ile nusu ya kwanza, ambayo mafuta yameshaila. Si kitu. Nimeshaelewa yote.