Ng'ombe wa Chuchu Tano

Kabla sijafika mbali niseme wazi: mtu ninayemsimulia aliwahi kuniuzia saa isiyokuwa na kitu ndani. Niliivaa wiki mbili nikidhani inachelewa. Kwa hiyo ukiona nacheka kupita kiasi, ujue nina sababu zangu, na ukiona namsifu, ujue niliwahi kuwa mteja wake.

Watu walimwita Hakika, kwa kuwa hilo ndilo neno lililotangulia kila uongo wake. Alikuwa mrefu, koti lake limepigwa pasi mpaka kwenye viraka, na alisumbuliwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa unaowaandama watu ambao riziki yao ni kukumbuka walimwambia nani nini. Mganga mmoja alimwagiza maziwa. Ndiyo maana kila asubuhi ungemkuta kwenye kiduka cha mbele ya kiwanda kidogo cha maziwa, kiwanda cha familia moja, akinywa glasi yake taratibu kama anayetumikia kifungo.

Familia yenyewe ilikuwa ya watu watatu. Bibi, mjane wa Mzee aliyeanzisha kiwanda, alikaa mchana kutwa karibu na mlango wa chumba cha baridi akichambua vizibo. Mwanawe alikuwa meneja, mtu mpole wa tai na kalamu mbili mfukoni, aliyemhusudu marehemu baba yake kuliko kitu chochote duniani. Mke wa meneja alikaa kaunta. Hakusema sana, ila macho yake yalikuwa yanafanya kazi ya watu wanne.

Asubuhi moja Hakika alikuta karatasi imebandikwa ukutani. Kiwanda kilikuwa kinatimiza miaka hamsini, nao wenyewe walitaka kufungua chumba cha kumbukumbu. Mwenye chupa zao za zamani, kalenda, kengele au kifaa chochote cha enzi za Mzee alete, watanunua kwa bei nzuri. Hakika alisoma mara mbili. Tumbo likaacha kuuma.

Hakuwa na hata kizibo. Lakini kukosa mali hakujawahi kumzuia Hakika kuiuza. Alikwenda kwa mnunuzi wa chupa tupu akachagua kumi na mbili nene, zenye shingo fupi, zinazofanana na vitu vya zamani kwa sababu tu zilikuwa mbaya. Akazipeleka kwa mchoraji wa mabango, akamtaka achore ng'ombe mwekundu kwenye kila moja. Mchoraji alizaliwa mjini, akakulia mjini, na ng'ombe alimjua zaidi kwa upande wa nyama. Alichora pembe vizuri, mkia vizuri, halafu kwenye kiwele akaweka chuchu tano. Hakika naye hakuhesabu. Alizilaza chupa kwenye chai ya rangi siku tatu, akazisugua kwa jivu, akazifukia nyuma ya nyumba aliyopanga, na alipozifukua zilikuwa zimezeeka kiasi kwamba mwenyewe alizionea huruma.

Alipeleka moja tu, imefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Akaeleza kwamba ilikuwa ya marehemu shangazi yake, aliyeletewa maziwa na Mzee mwenyewe kwa mkono, na kwamba katika siku zake za mwisho shangazi hakutaka kuona maua, alitaka kuona chupa hiyo. Meneja aliipokea kwa mikono miwili.

Mke wake aliichukua, akaigeuza huku na huku, akairudisha juu ya kaunta.

"Huyu ng'ombe ana chuchu tano," alisema.

Hakika alianza kupima kwa jicho umbali wa kufika mlangoni. Ndipo sauti ikatoka pembeni, Bibi akiwa hajainua hata kichwa kutoka kwenye vizibo vyake.

"Alikuwa na tano. Ndiyo maana tulimnunua."

Biashara ikaisha hapo hapo. Hakika alilipwa, akaletewa glasi ya bure, akatoka nje. Njiani alijipongeza kwa ustadi, ingawa mtu mwingine yeyote angejiuliza ustadi huo ulikuwa wa nani.

Wiki iliyofuata alileta chupa zilizobaki, na kengele ya baiskeli. Akasimulia jinsi Mzee alivyopeleka maziwa mwaka wa mafuriko, barabara zote zimejaa maji, akiwa amepanda juu ya mlango kama mashua huku akipiga kengele hiyo ili wateja watoe vyombo madirishani. Meneja alikuwa akiandika kila neno. Bibi akasema kwamba mlango ulikuwa wa bluu.

Akaleta kofia ya kitambaa. Alisema Mzee aliivua akamfunika nayo ndama aliyezaliwa kwenye mvua. Bibi akakumbuka kwamba ndama huyo alikuja kuwa mkorofi. Akaleta kalenda aliyoitengeneza mwenyewe, na alipokuwa akiisifu akajikwaa kwenye tarehe. Bibi akamsahihisha kwa upole, akamwongezea na harusi ambayo Hakika hakuwa ameipanga.

Hapo mtu wetu alianza kupata hofu. Yeye alikuwa na kanuni: uongo ni mali yake, na mteja kazi yake ni kuamini tu. Sasa kulikuwa na mtu anayeuongezea uongo wake vyumba na madirisha. Kuna wakati alijiambia kwamba Bibi amezeeka, akili imeanza kumtoka. Kuna wakati aliwaza jambo baya zaidi, kwamba huenda habuni chochote, kwamba mambo haya yalitokea kweli na yeye anayaokota tu. Alijikuta akiuona ule mlango wa bluu anaponyoa ndevu. Vidonda vya tumbo vikarudi kwa nguvu, akapandisha kutoka glasi moja ya maziwa hadi tatu.

Mtu mwenye akili angeishia kwenye kofia. Mimi mwenyewe, nikiwa na akili, nisingenunua ile saa, kwa hiyo sina la kumwambia. Meneja alimnong'oneza kwamba chumba kimekamilika isipokuwa kitu kimoja: debe la kwanza, lile ambalo Mzee alianzia nalo, akilibeba begani nyumba hadi nyumba. Angelipata hilo, asingeuliza bei. Siku ya tatu Hakika alikuwa mlangoni na debe la bati lenye mfuniko, limepondwa kwa nyundo mahali panapofaa.

Bibi aliinuka kwenye kiti. Hakuna aliyekumbuka lini aliinuka mara ya mwisho kabla ya saa ya chakula. Alisema anataka kulitazama debe hilo peke yake na mwenye nalo, akatangulia kuingia chumba cha baridi. Hakika akamfuata, akavuta mlango.

Ndani kulikuwa na makreti ya maziwa mpaka darini na baridi ya kuingia kwenye mifupa. Bibi alijifunga khanga vizuri, akagonga debe kwa kidole mara moja, kisha akalisogeza pembeni kwa mguu.

"Mume wangu alikuwa na mdomo kama wako," alisema. "Wa kwako una haraka kidogo, lakini ni ule ule."

Hakika akaanza kusema hakika. Bibi akamwambia anyamaze, aokoe joto.

Akamweleza kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei za siagi. Mzee alianza bila ng'ombe. Alinunua maziwa kwa watu alfajiri, akayakuza kwa maji ya bomba, akayauza mjini pamoja na habari za shamba lake la mlimani, lenye ng'ombe anaowaita kwa majina. Wateja waliyapenda majina. Wengine walituma salamu. Bibi alikuwa akiosha chupa na kukariri majina hayo ili asimkosoe mume wake. Walikaa miaka saba hivyo, mpaka mtoto wao, huyu meneja wa leo, alipofikisha miaka mitano na kulilia apelekwe kuona ng'ombe. Hawakuwa na la kumwambia. Ndipo wakanunua mmoja, na kuanzia hapo wakawa watu wakweli polepole. Chupa za zamani hazikubaki, Mzee aliziuza zote kwa mnunuzi wa chupa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutunza kinachouzika.

"Mwanangu anataka historia," alisema. "Ya kweli nitampaje? Nikakuona wewe na yule ng'ombe wako, nikasema, mletaji amekuja mwenyewe."

"Kwa hiyo tumeelewana, Mama," alisema Hakika, akianza kupata rangi. "Bei ya hili debe..."

Bibi akamwambia hakuna bei. Pesa aliyokwisha kula aihesabu kuwa mshahara wake wa miaka miwili. Jumatatu aje saa mbili asubuhi, avae aproni nyeupe, asimame kwenye chumba cha kumbukumbu awaeleze wageni aliyoyaleta, yote, bila kupunguza. Nao wakiuliza la zaidi, abuni, ila amuulize kwanza yeye ili wasigongane.

Hakika akauliza kwa heshima zote ingekuwaje kama angekuwa na shughuli nyingine Jumatatu.

Bibi alitoa chupa chini ya kreti, ile ya kwanza aliyoileta Hakika, akaipindua. Kwenye kitako, maandishi yakiwa yamechomoza ndani ya kioo chenyewe, kulisomeka: Dawa ya Kikohozi. Tikisa Kabla ya Kunywa. Mkamwana wake, alisema, aliyaona dakika ile ile ya kwanza. Na sajini wa kituo cha polisi cha ng'ambo ya barabara huja kunywa maziwa saa nne kila siku, mtu mwenye mafua ya kudumu, angependa sana kujua dawa yake imeishia wapi.

Katika miaka yote Hakika hakuwa amewahi kupindua chupa. Alisimama pale akitetemeka kwa baridi na kwa fedheha, na chini ya fedheha, hilo alinikiria mwenyewe baadaye, kulikuwa na furaha ndogo ya kijinga. Maisha yake yote alikuwa akidanganya barabarani huku amesimama. Hakuna aliyewahi kumpa chumba.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Hakika, ndani ya aproni, alikuwa kwenye ubora wake. Alipanda mlango wa bluu, alifunika ndama, alilia kidogo kwa ajili ya shangazi. Meneja alilia zaidi. Mke wake alikuwa mlangoni akipokea viingilio, na nitakuwa mnafiki nisiposema kwamba na mimi nililipa.

Ndipo mzee mmoja wa mkongojo akajipenyeza mbele. Alikuwa mteja wa siku nyingi, alisema, wa tangu mwanzo kabisa. Akatoa mfukoni chupa nyembamba ya kijani, haina mchoro, haina ng'ombe, ina herufi moja tu iliyokwaruzwa kwa msumari. Akauliza mbona zote za hapa ni tofauti na ya kwake.

Bibi aliipokea chupa ile. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye herufi bila kuitafuta, na Hakika aliyekuwa karibu aliliona hilo. Hakuhitaji kuambiwa nani aliikwaruza. Hii ilikuwa ya kweli, na kila kitu kingine mle ndani kilikuwa cha kwake yeye Hakika.

Watu wakamgeukia yeye, mtaalamu.

"Hii ni ya kale kuliko zote," alisema taratibu. "Ni ya kabla ya ng'ombe."

Meneja akaandika. Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Bibi peke yake alianza kucheka, akacheka mpaka akashikiliwa, mwanawe akidhani ni majonzi. Akafuta macho, akaiweka chupa katikati ya meza, mbele ya nyingine zote.

Mzee wa mkongojo alikataa malipo. Alitaka glasi moja tu, ya kumkumbusha zamani. Akaletewa, akanywa funda, akalizungusha mdomoni kwa muda, kisha akairudisha glasi juu ya kaunta kwa masikitiko. Akasema mambo yameharibika, maziwa ya siku hizi mazito mno.