Dakika Arobaini Hewani

Jumatatu, 1 Agosti 1994. Kolwezi.

Nimepata! Wazo limenijia nikikoroga sabuni uani, nusura nitumbukize mkono kwenye soda kali, ile inayounguza. Chama chetu cha Wanamaabara wa Lualaba hakijakutana tangu mwaka juzi. Kampuni ya madini imelala, maabara imefungwa, treni inapita ikijisikia, na wanachama wametawanyika: Kisenge, Likasi, Fungurume. Nani atawakusanya? Mimi, Polycarpe Nkulu, katibu! Na hawatatoka hata mlangoni kwao. Tutafanya kongamano la kisayansi kwa foni, ile redio ya upepo ambayo kwayo wafanyabiashara wanaulizia malori yao. La kwanza la aina hii nchini. Pengine duniani!

Mwishoni tutachagua mwenyekiti. Kiti kiko wazi tangu mwaka jana, nami nimekuwa katibu miaka kumi na mmoja. Nakitaka kiti hicho. Nimesema. Nimemweleza mke wangu Odile mpango wote. Akasema sabuni inaungua.

Jumanne, 2 Agosti

Nimekwenda kwa Abibu, mwenye malori mawili na foni moja. Amekubali kutupa Jumamosi asubuhi kwa vipande ishirini vya sabuni, mradi habari za malori zitangulie. Mke wake Mwamini ndiye anayeendesha chombo. Kanifundisha kama mtoto wa shule. “Tata Polycarpe, ukifinya kitufe unasema, ukiachia unasikia. Hauwezi kufanya byote mara moja.” Kisha ukimaliza unasema “à vous”, mwenzako anaanza.

Nikamwambia nimeelewa. Tena nimeelewa kuliko anavyodhani! Mwenye kidole juu ya kitufe hasikii mtu yeyote akimpinga. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 4 Agosti

Ratiba tayari. Nafungua mimi, saa moja asubuhi, hewa ikiwa safi: “Sabuni ya Mafuta ya Mawese kwa Jicho la Mwanamaabara.” Mukalay wa Fungurume anataka kusoma utafiti wake wa maji ya visima vya Kasulo. Mukalay! Tulianza kazi siku moja, akapandishwa cheo kabla yangu, na mpaka leo anacheka kwa pua. Nimempa saa sita mchana, foni inapokoroma na kuzomea. Pole sana, ndugu.

Nimeandika kanuni saba za kongamano. Naipenda sana ya saba: usumbufu hewani ukizidi dakika tano, wanachama wote wahamie mawimbi ya akiba, yale ya Masista wa misheni. Mwamini amezisoma zote hewani. Kisenge wamejibu kwamba wamezinakili. Hivyo ndivyo anavyofikiri mwenyekiti!

Jioni Odile kaniuliza kama nimemwalika Tata Tshibangu. Nikasema foni haifiki Mwene-Ditu, huko Kasai anakoishi sasa. Akasema Masista wanazungumza na Mwene-Ditu kila asubuhi. Nikasema nina kazi.

Basi niandike, maana daftari hili halisomwi na mtu. Tata Tshibangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu, na mwalimu wangu. Mwaka jana, watu wa Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu, nilimbebea sanduku mpaka stesheni. Majirani waliokula kwake miaka ishirini walisimama wakatazama. Niliona haya kwa ajili ya mji mzima. Akanipa mizani yake ndogo ya shaba, akasema nimtunzie. Sikulia. Lilikuwa vumbi. Naitumia kupimia soda, na kila Jumapili naisugua mpaka ing’ae.

Lakini wakiisikia sauti yake watampigia kura wote, hata mimi. Ndiyo maana sikumwalika.

Jumamosi, 6 Agosti

Siku yenyewe! Nimevaa koti jeupe la maabara. Mwamini kauliza koti la nini, kwani nani ataniona. Odile katoka alfajiri, kaniambia ana mazoezi ya kwaya misheni.

Saa moja kamili. Kisenge, yupo! Likasi, yupo! Fungurume, yupo, kwa bahati mbaya. Nikafinya kitufe, nikaanza. Dibaji. Historia ya sabuni. Historia yangu. Dakika ya kumi Mwamini kaniashiria niachie kidogo. Nikamgeuzia mgongo. Dakika ya ishirini kidole kimekufa ganzi, nikaweka cha pili. Dakika ya arobaini nikamaliza kwa kuwaomba kura, nikasema “à vous” kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukaa kitini, nikaachia.

Nikangoja makofi.

Kisha sauti moja, ya mbali. Zakaria, dereva wa Abibu, lori limepasuka tairi njiani kuelekea Dilolo, naye yuko kwenye foni ya kijijini. “Tata, mi nimesikia yote. Ya sabuni ni muzuri sana. Sasa mutume pineu.”

Nikauliza wanachama wako wapi. Akasema baada ya dakika tano aliwasikia chinichini wakisoma kanuni ya saba, wakahama.

Usumbufu! Mimi! Mwamini alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Kisha akazungusha swichi ya foni mpaka kwenye mawimbi ya Masista. Kelele za sherehe! Likasi wanaimba, Kisenge wanapiga sahani. Na katikati yao, sauti ya mke wangu: “Misheni Kolwezi hapa, Mwene-Ditu, à vous!” Mazoezi ya kwaya!

Akajibu Tata Tshibangu. Sauti ileile, taratibu, ya mtu anayehesabu matone. Walikuwa wamekwisha kumchagua. Mwenyekiti wa Wanamaabara wa Lualaba, huko Mwene-Ditu! Mukalay makamu wake. Na alikuwa akiuliza: “Polycarpe iko wapi? Mizani yangu ingali nzima?”

Nikafinya kitufe. Nikasema iko, Tata, naisugua kila Jumapili, sikukualika, nisamehe. Halafu nikalia. Nikalia kwa kelele, kidole juu ya kitufe, na kutoka Kisenge mpaka Mwene-Ditu hakuna aliyeweza kusema neno mpaka Mwamini aliponibandua kidole. Hapo ndipo nikamsikia Tata Tshibangu. Naye alikuwa akilia, na akicheka. Alisema alijua sikumwalika, na kwamba yeye angenipa mimi saa sita mchana.

Mukalay akasoma maji yake ya visima. Foni ikakoroma. Nilisikia nusu. Ni kazi nzuri. Sitaandika hivyo mara ya pili.

Ukatibu nimeupata tena kwa kura moja, yangu mwenyewe. Imetosha. Hakuna mwingine aliyetaka. Sijapata furaha kama hii tangu maabara ifungwe.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimepiga hesabu ya makosa. Ni moja tu: kanuni ya saba. Naifuta.

Kongamano la pili litakuwa Desemba. Ratiba iko tayari. Tata Tshibangu nimempa saa mbili asubuhi, hewa ingali safi. Mukalay saa sita. Nimempelekea Zakaria fomu ya uanachama pamoja na pineu. Ni mtu makini, kasikiliza kila neno, na ana kura.

Nafungua mimi. Dakika kumi tu. Tuseme arobaini.