Miwani Yuko Ng'ambo ya Mto

Jumatatu, 3 Machi

Mimi nilizaliwa na bahati kama wengine wanavyozaliwa na vidole. Sijawahi kushindana na mtu nikashindwa. Nimefanya kazi hotelini, ghalani, na katika chumba cha kufulia cha meli iliyotia nanga bandari kumi na moja. Kila nilipoondoka watu walisikitika. Wengine walisikitika kwa sababu niliondoka na funguo, lakini walisikitika.

Sasa niko chuo cha urubani. Kapteni, mama aliyerusha ndege miaka thelathini na ndiye mwenye chuo, anataka kila neno la urubani na la setilaiti lipate maana yake kwa Kiswahili. Kadi moja, neno moja, wanafunzi waache kukariri kama kasuku. Mimi napiga chapa. Miwani anasahihisha. Miwani ni mtu mrefu, mpole, aliyefiwa na mkewe miaka sita iliyopita, na hufuta miwani yake hata ikiwa safi.

Leo Kapteni ametuita wote wawili. Kadi zinakaribia kwisha, kiti ni kimoja. Ijumaa atasema nani anaajiriwa moja kwa moja na nani anaaga. Nikamtazama Miwani. Hakutikisika. Mtu asiyetikisika ana lake jambo.

Jumanne, 4 Machi

Ushahidi unakusanyika. Kwanza, Miwani anatoka saa tisa na nusu, nusu saa kabla ya wenzake, na mkoba umevimba. Pili, ananong'ona kwenye simu nyuma ya mlango wa stoo. Nilipita hapo nikijifanya natafuta stepla. Nikamsikia akimwambia mtu kwamba hapana, hajui kitu, yeye anajiona mjanja tu. Stepla ilikuwa mkononi mwangu muda wote.

Jibu ni moja. Ng'ambo ya mto kuna chuo kingine cha urubani, maadui zetu wa jadi. Miwani anawauzia kadi zetu. Jasho langu!

Nyumbani nikamsimulia Dada. Ni dada yangu mkubwa, anaishi kwangu tangu ndoa yake ivunjike, na anashona mapazia sebuleni. Akajichoma kidole kwa sindano. Akasema, mdogo wangu, mwache mtu wa watu, chunga kibarua chako. Nikamjibu kwamba mambo ya anga ni mazito, hayaingii kwenye cherehani. Akaniambia kesho nisirudi kabla ya magharibi kwa sababu anafua zulia. Zulia gani linafuliwa saa zote hizo, sikuuliza. Akili yangu ilikuwa ng'ambo ya mto.

Jumatano, 5 Machi

Mpango umekamilika. Fundi wa mitambo ana kifaa kidogo cha setilaiti, saizi ya kipande cha sabuni. Kinajua kilipo na kinakumbuka kila kilipotua. Nikamwomba aniazime, nikasema nataka kujifunza kwa vitendo. Akanitazama kama mtu anayemwachia paka samaki, lakini akanipa.

Nikakitumbukiza mfuko wa nje wa mkoba wa Miwani alipokuwa akinimiminia chai. Akaniongezea sukari bila kuombwa. Wabaya huanza na sukari.

Saa tisa na nusu akatoka. Mkoba ukatoka naye. Mimi nikabaki nikipiga chapa kwa furaha, kadi kumi na nane, sikumbuki hata moja ilisema nini.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimekichomoa Miwani alipokwenda kunawa. Kifaa kimekumbuka kituo kimoja tu jana, tangu saa kumi hadi saa kumi na mbili. Kimeandika: latitudo nyuzi nne, kisha kumi na mbili nukta sita. Na mstari wa pili kwa mtindo huo huo, kwa upande wa longitudo.

Nikaenda kwenye ramani kubwa ya ukutani. Kila nyuzi imegawanywa sehemu kumi, na kila sehemu kumi tena. Kazi ya mtoto. Nne nukta moja mbili sita. Nikachomeka pini.

Ng'ambo ya mto. Hatua chache kutoka lango la chuo kile.

Nikakaa chini. Nitasema kweli maana hapa hakuna anayesoma: sikufurahi. Nilitaka niwe nimemdhania vibaya. Huyu ndiye aliyekaa nami foleni nzima siku nilipong'olewa jino, akanishikia kofia. Lakini kiti ni kimoja, na mwizi ni mwizi hata akikushikia kofia.

Nikaenda kwa Kapteni. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia binadamu hudanganya, setilaiti haidanganyi. Akasema nitarudia maneno hayo kesho, mbele ya mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Tumekaa chumba cha ramani. Kapteni, Fundi, Miwani, mimi. Nikahutubia vizuri, sina wasiwasi na hilo. Nikaonyesha pini. Kapteni akamuuliza Miwani alikuwa wapi juzi jioni. Miwani akavua miwani, akaifuta, akaomba asijibu kwa sababu jambo lenyewe si lake peke yake. Nikamkonyeza Fundi. Fundi hakunikonyeza.

Kapteni akakichukua kifaa, akasoma mwenyewe. Akaniuliza zile sitini nimezipeleka wapi. Nikamuuliza, sitini zipi, Mama? Akasema nyuzi moja ina dakika sitini, kama saa ya ukutani. Kifaa kimesema nyuzi nne na dakika kumi na mbili na ushei. Mimi nimezihesabu kama nyuzi moja ina dakika mia, badala ya kuzigawa kwa sitini. Kisha akavuta sanduku la kadi, akatoa kadi namba mia na nne: dakika, sehemu moja ya sitini ya nyuzi. Pembeni herufi za jina langu, maana kila mpiga chapa hutia sahihi kadi zake.

Akang'oa pini, akaishusha kilomita tisa, akaisogeza kidogo kulia, akaichomeka. Ikaangukia nyuma ya soko, nyumba ya tatu kutoka tangi la maji. Fundi akauliza kwa upole kama si hapo ninapoishi.

Ni hapo. Ni sebuleni kwangu.

Miwani akasema alitaka kuja kwa adabu, Jumapili, pamoja na wazee wake. Ila dada yangu alimwambia wangoje Ijumaa ipite, nisije nikadhani ananihonga kwa ajili ya kiti, au ananionea huruma. Mkobani mlikuwa na vitambaa vya mapazia. Alikuwa akimsaidia kukata.

Kapteni akasema rubani akimfuata mtu anayepiga chapa asichokisoma, atatua mtoni. Kiti ni cha Miwani. Miwani akaniombea, kweli akaniombea, akasimama kabisa. Kapteni akakataa. Nikakusanya vitu vyangu, na kile kifaa kikiwemo. Miwani akanibebea sanduku hadi getini, akaniita shemeji. Sikujua niweke wapi uso.

Jumamosi, 8 Machi

Dada hakunisemesha hadi saa nne. Kisha akanipakulia chakula, akaniambia yeye ana miaka arobaini na saba na hajawahi kukatiwa pazia na mwanamume hadi mwaka huu, na kwamba nikimharibia tena ataniombea kazi ya kufua zulia. Nikamwomba radhi. Nikambariki. Nikalia kidogo, yeye akacheka, tukamaliza.

Lakini alasiri nilipoingia sebuleni alikuwa na karatasi mkononi, akaikunja haraka, akaitia kwenye kikapu cha nyuzi za kushonea. Tena akaniuliza Jumatatu nitakuwa wapi. Kwa nini anataka kujua? Na Miwani amepiga simu mara mbili, mara zote wanashusha sauti nikipita.

Fundi bado hajakidai kifaa chake. Nimekifukia chini kabisa ya kikapu, na kesho Dada anatoka nacho. Safari hii sikosei. Zile dakika nitazizidisha kwa sitini.

Na ile bahati niliyoiandika Jumatatu ni uongo. Sijawahi kuwa nayo hata siku moja.