Mbuzi Kumi wa Evarista

Gazeti lilisahauliwa na mtalii kwenye kiti cha nyuma cha Landrova, na Josephati, dereva wa kupandisha wageni Kreta kutazama wanyama, alilileta kijiweni asubuhi ya mnada akiwa amelibana kwapani kama hati ya shamba. Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi la miguu mitatu na jiwe moja, mbele ya duka la Bi Mwajabu pale Karatu. Mwaka ule sukari ilikuwa ya foleni, kwa hiyo kahawa ilinywewa chungu, na utamu wote ukatafutwa kwenye maneno.

Sylvesta alikuwa wa kwanza kufika. Kwenye mguu wa benchi alikuwa amefunga mbuzi wanne, na kichwani alikuwa na hesabu ya mbuzi kumi. Kumi wa mahari ndio alioambiwa na baba yake Evarista kule Buger: walete kabla ya Jumapili, la sivyo binti atamsikiliza yule bwana shamba mwenye pikipiki. Sylvesta alimpenda Evarista hadi akisikia pikipiki popote alikosa hamu ya kula.

"Jamani, tulieni," Josephati alisema, akilikunjua gazeti. "Kuna Mzungu hapa, tajiri wa kutupwa. Anasema kuhangaika sokoni kila siku ni ujinga."

"Ametajirikaje bila kuhangaika?" aliuliza Matano, dalali wa mnadani, ambaye kijiwe kilimwita Shahidi.

"Sikiliza sasa. Anasema nunua kidogo cha kila kitu. Kila kampuni, kipande. Halafu kaa. Usiuze, usinunue, kunywa kahawa yako."

"Ya sukari au kama hii yangu?" Bi Mwajabu aliuliza kutoka dirishani.

Mzee Qamara alijipiga paja kwa kishindo. Huyu walimwita Azimio, kwa kuwa hata chumvi ikizidi kwenye mboga aliitolea azimio.

"Ubepari huo! Mtu amekaa, hana jasho, mali inazaa yenyewe? Naazimia gazeti hilo likafungiwe vitumbua!"

"Na wewe mzee, tangu asubuhi jasho lako liko wapi?" Josephati alimuuliza.

"Mimi nakaa kwa kujitolea!"

Kijiwe kikaangua kicheko, hata mbuzi mmoja akalia. Sylvesta hakucheka sana. Leo alikuwa amekuja na mpango wa Matano: auze mbuzi wote wanne, anunue maharage kabla bei haijapanda, alasiri ayauze, arudi na mbuzi sita. Mnada ujao sita wawe kumi. Tatizo ni kwamba mnada ujao ulikuwa baada ya Jumapili.

"Kuna na hili," Josephati aliendelea. "Ukigawa mali mafungu mawili, tuseme nusu mbuzi, nusu maharage, mbuzi wakizaana fungu lao linazidi. Basi unauza waliozidi, unaongeza maharage, mafungu yanakuwa sawa tena."

Sylvesta akasogea karibu. "Mara ngapi? Kusawazisha huko, mara ngapi?"

"Kila mnada!" Matano alidakia kabla gazeti halijajibu. "Nilikwambia mimi. Mali ikikaa inalala."

"Mimi naona kila wiki," alisema mzee Qamara, akijilamba midomo. "Na katikati ya wiki ukipata nafasi."

"Mara moja kwa mwaka," Josephati alisoma.

Matano alilitazama lile gazeti kana kwamba limemtukana mama yake.

"Mwaka? Mwaka mzima? Huyo Mzungu hajafika Karatu! Mbuzi wa Karatu akikaa mwaka bila kubadilishwa anachacha!"

Bi Mwajabu alitoka dukani na dele lake mkononi. Alimmiminia Sylvesta kahawa, kisha akabaki amemsimamia.

"Hebu mwanangu, nikuulize. Januari ulikuja hapa na mbuzi wangapi?"

"Kumi na mmoja, Bi Mwajabu."

"Yupo aliyekufa?"

"Hapana."

"Fisi?"

"Hata."

"Umeibiwa?"

"Sijaibiwa."

"Na maharage ulipata hasara?"

"Mara nyingine faida, mara nyingine hasara. Zilikuwa zinakaribiana."

"Sasa wale saba wamekwenda wapi?"

Sylvesta alianza kuhesabu minada kwa vidole. Pale Karatu kijiwe kilikuwa na desturi yake: mtu hauzi mnyama wala hanunui bila mashahidi wawili wa kusema si wa wizi, na shahidi hashuhudii kwa mdomo mkavu. Anayebadili mali ndiye anayechoma nyama. Na Sylvesta alikuwa amebadili mali kila mnada tangu Januari: mbuzi kuwa maharage, maharage kuwa kuku, kuku kuwa mbuzi. Alimtazama Matano, aliyekuwa akichokonoa meno. Akamtazama mzee Qamara, ambaye mwezi wa kwanza alifunga mkanda tundu la mwisho na sasa alikuwa amefunga kamba.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Kila mnada, mashahidi wawili..."

"Watatu," Josephati alimsahihisha. "Mimi huwa naonja."

"Mmenila!" Sylvesta aliruka, kikombe kikamwagika. "Washauri wangu wote nyie, kumbe mnanishauri kwa matumbo! Mmemla Evarista!"

"Usituzulie, bwana," Matano alisema, ameudhika kweli. "Evarista hatujamgusa. Tumekula mahari yake tu."

Sylvesta aliketi chini, kichwa mikononi. Akilini alimwona bwana shamba akipiga honi uani kwa Evarista. Machozi yalikuwa yanamlenga alipoona kivuli cha mtu mrefu kikimfunika.

"Sopai!"

"Epa!" kijiwe kiliitikia salamu.

Alikuwa Metui, mfugaji wa Kakesio, amejaa vumbi la siku nne za njiani.

"Ero, Sylvesta, wewe ni mtu gani? Njoo uchukue mbuzi wako. Boma langu limejaa."

"Mbuzi gani?"

"Wale majike watatu. Mwaka juzi ulishikwa na homa njiani, ukaniachia. Ukasema utarudi wiki ijayo."

Sylvesta alijipiga kofi la paji la uso. "Nilisahau!"

"Ulisahau vizuri sana. Maziwa nilikunywa, na dume mmoja nilichukua kama tulivyopatana. Waliobaki tisa. Nimewaacha kule chini penye maji."

Sylvesta alipiga ukelele uliowatoa watu mnadani. Alimkumbatia Metui, akamkumbatia Bi Mwajabu na dele lake, akalibusu gazeti, akacheza mbele ya duka hadi kiatu kimoja kikaruka kikatua juu ya paa.

"Tisa!" Matano naye alikuwa amesimama, macho yanang'aa. "Sylvesta ndugu yangu, leo leo! Tisa na hawa wanne, tunawageuza ndama, alasiri ndama tunawageuza..."

"Naazimia!" alipaza sauti mzee Qamara, akilegeza kamba.

Lakini Sylvesta alikwisha kuwafungua mbuzi wake kwenye benchi.

"Metui, jumla ni kumi na watatu. Kumi tunawapeleka Buger sasa hivi, wewe na mimi. Majike watatu urudi nao Kakesio. Nitakuja kuwaangalia mara moja kwa mwaka."

"Na hamu ya kuja mapema ikikushika?"

"Niambie haupo nyumbani."

Metui alicheka hadi akaegemea fimbo yake. Wakashika njia ya nyuma ya kanisa, isiyokaribia mnada, Sylvesta na kiatu kimoja, mbuzi mbele. Hawajafika mbali, akamsikia mzee Qamara akiuliza kwa unyenyekevu mkubwa:

"Jamani, hivi ndoa ya kanisani inafungwa bila mashahidi?"

"Haiwezekani, mzee," Matano alijibu. "Lazima wawili."

"Watatu," alisema Josephati.